Mtu wa Daftari

Wanafunzi wa filamu wanaporekodi Kariakoo, mwenye kamera utamjua tu, maana vijana wa Mtaa wa Kongo watakuwa wamemzunguka wakimuuliza kitu hicho kitatoka lini na chaneli gani. Mwigizaji utamjua kwa poda. Ambaye hutamtambua ni yule aliyeegemea ukuta, daftari mkononi, akikodolea macho vitu ambavyo wenzake hawana habari navyo: kikombe kimeshikwa kwa mkono upi, shati limefungwa vifungo vingapi, kivuli cha nguzo kimefika mlango gani. Huyo ndiye mtunza mwendelezo. Katika kazi nyingi za biashara zinazopigwa mjini hapa hayupo kabisa. Vyuoni bado yupo, kwa sababu zoezi linamdai.

Na zoezi lenyewe kila aliyepita darasa la filamu analijua. Mtu anatembea, anafungua mlango, anavuka chumba, anakaa mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi. Hakuna bastola, hakuna kilio, hakuna gari la kuazima. Wanafunzi hulidharau wakiwa na kamera na kuliheshimu wakiwa mbele ya kompyuta, pale wanapogundua kwamba mlango ulisukumwa kwa mkono wa kulia katika shoti ya nje, na kwa mkono wa kushoto katika shoti ya ndani.

Kuna kundi moja lililoamua kulifanyia zoezi hilo kwenye baraza badala ya chumbani. Walipata nyumba ya Kiswahili ya zamani, imebanwa na maghorofa kushoto na kulia, na barazani pake wazee wawili wacheza bao ambao hawakuhitaji kuigiza chochote. Mwigizaji wao kijana angetokea uchochoroni, angeamkia, angekaa na kuuliza swali moja. Wazee wangejibu huku wakicheza. Kwa maandishi, ni rahisi kabisa.

Sasa fikiria bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mkono unaposhuka ubao mzima unabadilika sura. Shoti ya kwanza ilichukuliwa kwa mbali, kutoka ng'ambo ya barabara. Ya pili ilitaka vidole vya mzee vikidondosha kete. Ya tatu ilitaka uso wake. Ili zikiunganishwa zionekane dakika moja isiyokatika, mchezo ulipaswa kurudishwa nyuma kila mara, kete kwa kete. Binti wa daftari alikuwa amejiandaa: alichora safu nne zenye mashimo manane manane na kuandika namba ndani ya kila shimo, tena akapiga picha kwa simu.

"Shikamoo tena babu, samahani. Tunarudi pale ulipokuwa unanamua."

Mzee hakusubiri asomewe. Alikusanya, akagawa, akarudisha upande wake wote huku akiendelea na habari ya mpira aliyokuwa akimsimulia mwenzake. Binti akainama na daftari lake, akahesabu shimo baada ya shimo, akasita.

"Babu, hapa mimi nina tatu."

"Tatu ilikuwa kabla sijatakasa, mwanangu. Angalia picha yako."

Akaangalia. Ni kweli. Akafuta, akaandika upya. Kisha, kamera ikiwa tayari kuwaka, akanyoosha mkono: "Babu, na kahawa. Ilikuwa nusu kikombe, sasa imejaa." Mzee akakitazama kikombe ambacho muuza kahawa alikuwa amekijaza bila mtu kumwona, akamimina nusu yake chini ya baraza. Akamgeukia mwenzake: "Huyu tungempata mapema angekuwa mchezaji."

Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa kazi hii. Mcheza bao hodari hucheza na ubao aliouhifadhi kichwani, akijua kilichokuwapo kabla na kitakachofuata. Mtunza mwendelezo naye huishi katika filamu ambayo bado haipo, iliyotawanyika vipande vipande, akijua kipande hiki kitapakana na kipi. Wala si kumbukumbu peke yake. Kuna mstari, ule ambao hauonekani, unaopita kutoka pua ya mzee mmoja hadi pua ya mwenzake. Kamera ikiwa upande mmoja wa mstari huo, wazee wanatazamana. Ikivuka bila sababu, mzee wa kulia anakuwa kama amempa mwenzake kisogo, na mtazamaji anahisi kuna kitu kimeharibika hata kama hajui ni nini. Kuulinda mstari huo darasani ni suala la kiti na chaki. Kuulinda kwenye uchochoro wa Kariakoo, mikokoteni ya mizigo ikikuondoa kila ulipopanga miguu ya kamera, ni ukaidi wa namna yake.

Jua nalo halina subira. Katikati ya maghorofa, mtaa mwembamba hupata mwanga wa moja kwa moja kwa muda mfupi tu kabla kivuli hakijaufunika. Shoti ya saa nne na shoti ya saa saba ni kama za miji miwili. Halafu sauti. Vipaza sauti vya wauza nguo vimerekodiwa maneno yaleyale, elfu tano, elfu tano, mchana kutwa. Mwanafunzi asiyekuwa makini hukata katikati, na filamu yake inasema "elfu ta" kisha inaanza upya. Adhana ya Msikiti wa Mtoro ikiingia katikati ya maneno ya mwigizaji, huwezi kuikata nusu na ukabaki na heshima yako. Unasimama, unasubiri iishe, unaanza tena. Walimu wazuri huwaambia wanafunzi, kabla hawajakunja nyaya, wakae kimya dakika moja na kurekodi sauti ya mahali penyewe, bila mtu kusema. Dakika hiyo ndiyo itakayofunika viungo vyote.

Siku hizi kuna wanafunzi wanaoyajibu haya yote kwa kumtaja Walter Murch, yule Mmarekani aliyehariri The English Patient. Murch aliandika kwamba kinachostahili kumwongoza mhariri kwanza ni hisia, akazipa asilimia 51, na mwendelezo wa vitu na nafasi akauweka mwisho kabisa, asilimia 4. Basi wameshika hiyo 4. Wanasahau kwamba kwenye meza ya Murch vipande vililetwa vikiwa na maelezo ya shoti kwa shoti, yaliyoandikwa na mtu wa daftari. Ni rahisi kudharau chumvi ukiwa umeshaletewa chakula kilichokolea. Na wale wanaomtaja mwongozaji Godard, kwamba tangu 1960 alishakata ovyo na dunia ikampigia makofi, ningewaomba waniletee kwanza kazi moja iliyounganishwa sawasawa, ndipo wavunje.

Hapa kwetu palikuwa na wakati ambapo uangalifu ulilazimishwa na bei. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na enzi hizo filamu ilikuwa mkanda hasa, wa kununuliwa kwa fedha za kigeni na wa kukatwa kwa mkono. Huwezi kurudia teki kumi za mtu anayefungua mlango wakati kila futi ina gharama. Hata Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, inatoka katika nidhamu hiyo. Kisha ikaja video, televisheni ikaingia Bara mwaka 1994, na baada ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, Kariakoo ikawa soko la filamu: maduka yamejaa makasha kuanzia sakafuni hadi darini, mabango ya nyuso, wanunuzi wa jumla kutoka mikoani. Siichukii enzi hiyo. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki, Aprili 2012, jiji zima lilisimama, na haikuwa bure.

Lakini mtindo wa kuuza hadithi moja kwa sehemu mbili ulizaa tabia mbaya. Ili kupata Sehemu ya Pili, geti lilifunguliwa polepole, gari likaingia lote, mlinzi akafunga, mwenye gari akashuka, akatembea hadi mlangoni. Muda wa geti ulikuwepo. Muda wa kuangalia kama mwenye gari ametoka nyumbani na tai ile ile haukuwepo. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: mtazamaji haoni.

Anaona. Aliyewahi kukaa kwenye banda umiza, benchi kwa benchi, joto limefunga, anajua. Steringi akiingia chumbani na shati jeupe akatoka na la bluu, banda zima linacheka, na mtoto aliyekaa mbele kabisa ndiye anayeanza. Watu hao walilelewa na sinema za Kihindi na za Kichina, wakasimuliwa na kina Lufufu, sauti ya Kiswahili juu ya picha za ugenini. Waliitazama filamu moja mara nyingi kiasi cha kuijua kete kwa kete. Kuwaambia hawaoni ni kuwatukana.

Na Kariakoo yenyewe haimsubiri mtu arudi kurekodi alichosahau. Baraza linalorekodiwa leo, mwezi ujao limezungushiwa mabati. Soko kuu, jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, na yale mapaa yake ya zege yaliyopanuka kama miavuli, liliungua Julai 2021. Mwanafunzi aliyekuwa amepiga nusu ya zoezi lake ndani yake hakuwa na mahali pa kwenda kupiga nusu nyingine. Machinga waliokuwa kwenye shoti za mapema 2021 waliondolewa barabarani mwaka huohuo. Katika mji wa namna hii, daftari la mwendelezo ndilo rejista pekee inayosema mlango ulikuwa wa rangi gani na nani alikuwa amekaa wapi.

Biashara ya filamu iliposhuka, lawama zote zilibebeshwa wezi wa kazi. Wezi walikuwepo, na waliumiza wengi. Ila wezi hawakumlazimisha mtu kuvaa mashati mawili katika tukio moja, na wateja waliohamia tamthilia za Kikorea na za Kituruki hawakufuata bei peke yake. Ninyi mnaoanza sasa, wenye kamera nzuri kuliko zote zilizowahi kufika nchini hapa: mkiwa na bajeti ya watu watano, mmoja awe wa daftari. Mlipeni siku zote za kurekodi, mketisheni karibu na mhariri wakati wa kuunganisha, na jina lake liandikwe mwishoni kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la mwongozaji.