Uhalisia na Ukimya wa Wakazi: Venice katika Picha za Richard Estes

Uhakiki wa picha za miji yenye mandhari ya kuvutia aghalabu huishia katika kuusifu ustadi wa mkono. Picha za rangi ya mafuta ambazo Mmarekani Richard Estes, aliyezaliwa mwaka 1932, amezichora kuhusu Venice zinastahili kupimwa kwa kigezo kigumu zaidi.

Estes huzipiga mwenyewe fotografia kadhaa, kisha huziunganisha katika mchoro mmoja. Ndiyo maana kilicho karibu na kilicho mbali huonekana waziwazi kwa kiwango kilekile, jambo lisilowezekana kwa jicho la mpita njia. Kazi hiyo ni utungaji, wala si unakili. Kwa hilo anamfuata Canaletto (1697–1768), ambaye naye aliyasogeza majengo ya Venice ili kuipanga mandhari, na ambaye wateja wake wengi walikuwa Waingereza.

Hata hivyo, Canaletto huyohuyo aliuchora kwa uaminifu ukanda wa mwani kwenye kuta za majumba. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwanasayansi Dario Camuffo na wenzake waliulinganisha ukanda huo na wa siku hizi, wakakadiria kuwa umepanda kwa takriban sentimita 60. Picha iliyonunuliwa kama kumbukumbu ya safari ikawa kipimo cha bahari.

Kwa upande wa Estes, ushahidi wa namna hiyo umo katika uchache wa watu. Katika picha zake za New York, uchache huo ni mtindo. Mtazamaji anajua kwamba mji umejaa. Kuhusu Venice, mtazamaji hana hakika hiyo. Mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951; kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua hadi chini ya 50,000.

Ushahidi huo haukukusudiwa, hivyo hauna budi kusomwa sambamba na takwimu. Udhaifu wa picha hizi ni kwamba uzuri wake humshawishi mtazamaji auone utupu kuwa utulivu. Sera nayo yaweza kukosea vivyo hivyo. Ada ya yuro 5 ambayo Venice ilianza kuwatoza wageni wa siku moja mwaka 2024 yaweza kupunguza msongamano, lakini kupungua kwa wageni hakumrudishi mkazi aliyehama.