Neno "Kueleza" na Asili Yake

Vitabu vya shule hufasiri neno la Kiingereza *explain* kuwa ni kueleza, wala hapana kosa. Lakini maneno haya mawili hayakutoka mahali pamoja. La Kiingereza lina asili ya Kilatini, *explanare*, yaani kusawazisha, kama mtu asawazishaye ardhi yenye mabonde. Wafaransa husema *expliquer*, kukunjua kilichokunjwa. Sisi twasema kueleza, nalo ni tendo la kufanya jambo lielee.

Kuelea gani? Hapo ndipo penye shauri. Wako wasemao kuna kuelea kuwili: kwa kuwa Waganda na Wakikuyu huita cheupe *-eru*, basi "yamenielea" maana yake yamekuwa meupe kwangu. Hoja hii siidharau. Lakini asemaye hivyo na ashuke pwani ya Dunda maji yakipwa, (na papa hapa Bagamoyo ndipo alipokaa Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ilipigwa chapa Paris kati ya 1939 na 1941). Majahazi hulala mchangani yameinama upande; maji yakijaa, huinuka yakaelea. Chombo kilichoachwa na maji kimepwelewa, na mtu aliyekwama asijue la kufanya husema vilevile, "Nimepwelewa." Hilo halithibitishi asili, ila laonyesha jinsi masikio ya pwani yasikiavyo neno.

Tena, tazameni sarufi. Wazee husema, "Jambo limenielea": jambo ndilo litendalo, mtu hupokea. Siku hizi twasema, "Nimeelewa," na mwalimu huuliza darasa zima, "Mmeelewa?" Wote huitika, "Ndiyo!" nao wamepwelewa. Afadhali kumwuliza mmoja, "Limekueleaje?" maana hapo hana budi kulitaja jambo lenyewe.

Lawama yangu kubwa ni ya mitihani. Kiingereza kina neno la kusimulia hali ya kitu, na jingine la kutoa sababu yake, sisi twayatia yote mawili katika "Eleza." Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa aeleze kupwa na kujaa kwa maji. Aliandika vizuri mno alivyoviona tangu utoto, saa za maji, bamvua na maji mafu, asipate hata alama moja, kwa kuwa msahihishaji alitaka mwezi na jua. Swali lingeandikwa "Eleza sababu," mtoto angalijua aulizwalo.