Kambale Aliyetulia Siyo Kambale Aliyekufa

Mjadala wa kuua viumbe wa majini bila kuwatesa umetawaliwa na kamba kochi. Tangu Machi 2018, Uswisi imepiga marufuku kumtumbukiza akiwa hai kwenye maji yanayochemka: kwanza apigwe umeme, au ubongo wake uharibiwe. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2022, ikawatambua kamba, kaa na pweza kuwa viumbe wenye hisia. Ni hatua nzuri. Lakini wewe uliyeko Ifakara, kamba kochi utamwona wapi? Kwenye beseni lako kuna kambale.

Hebu basi tuupime ushauri tunaopeana jikoni kuhusu huyu kambale. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: unapima mateso kwa macho ya mpishi. Samaki akitulia, tunasema hana shida. Akirukaruka, tunasema anateseka. Kwa kambale, vipimo vyote viwili vinadanganya.

Ushauri wa kwanza: "Mwache tu, atakufa mwenyewe." Perege akitoka majini, matamvua yake hunatana na hewa haimsaidii. Kifo chake siyo cha raha, lakini angalau hakichukui siku nzima. Kambale ni habari nyingine. Juu ya matamvua ana kiungo cha ziada chenye matawi kama kichaka kidogo, na kwa hicho anavuta oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Ndiyo maana mafuriko ya Kilombero yakipungua, unamkuta kwenye tope bado yu hai. Ndiyo maana pia mchuuzi humfikisha sokoni mzima bila barafu. Kwa mchuuzi hiyo ni friji ya bure, na simlaumu. Lakini kwako, "atakufa mwenyewe" maana yake ni saa nyingi.

Wa pili: mpake chumvi au majivu akiwa hai ili ute utoke. Kambale hana magamba; ute ndio kinga ya ngozi yake. Ujerumani walikuwa na mazoea kama hayo kwa mikunga, wakiwatia kwenye chumvi wakiwa hai, na mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria ikakataza. Chumvi na majivu vinatoa ute vizuri vilevile samaki akishakufa. Kwa nini basi tusisubiri?

Wa tatu unasikika wa kisomi: mweke kwenye friza, atalala taratibu. Hapa ndipo macho yanapodanganya zaidi. Samaki hana joto la mwili la kujitegemea. Baridi inapunguza nguvu ya misuli, kwa hiyo anaacha kujitikisa. Lakini kuacha kujitikisa siyo kupoteza fahamu. Watafiti wa Uholanzi, ambako kambale huyuhuyu wa Kiafrika anafugwa, walipima ubongo wake akiwa kwenye barafu. Fahamu haikupotea papo hapo. Ilichukua dakika kadhaa.

Wa nne: mkate kichwa, kwisha. Huu uko karibu na ukweli, ila haujafika. Ubongo wa samaki wa aina hii unavumilia ukosefu wa oksijeni kuliko wa kuku. Utafiti uliofanywa kwa mikunga na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kukata kichwa peke yake hakuleti kifo cha papo hapo. Kiwiliwili kinachorukaruka hakisikii kitu tena. Wa kumwangalia ni kichwa kilichotulia.

Sasa tufanyeje? Ubongo kwanza, kisu baadaye. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, ukijihadhari na miba ya mapezi ya kifuani. Mlaze juu ya kitu kigumu. Mpige kwa nguvu, kwa rungu au mchi, katikati ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Fuvu lake ni gumu, kwa hiyo kigongo chepesi kitamuumiza tu. Kisha angalia vifuniko vya matamvua: vikiendelea kufunguka na kufunga kwa mpangilio, rudia mara moja. Vikisimama, kata matamvua damu itoke, au mkate kichwa. Baada ya hapo, majivu yako na chumvi yako.

Najua utauliza: kwani samaki anasikia maumivu? Wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kupokea maumivu, na akichomwa sindano ya asidi mdomoni anausugua kwenye changarawe. Brian Key anapinga: bila gamba la ubongo kama letu, anasema, hayo ni mwitikio tu, siyo maumivu. Hoja ya Key ni nzito, ila angalia gharama. Kama yuko sahihi, umepoteza pigo moja la mchi. Kama amekosea, umemwondolea kiumbe saa za mateso.

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye nafasi. Hapana. Friza ndiyo ya wenye nafasi. Mchi upo karibu kila nyumba. Tena samaki anayehangaika muda mrefu humaliza nguvu iliyohifadhiwa kwenye misuli, anakakamaa mapema, na nyama yake inapungua ubora.

Fikiria jirani akimkuta mtu ananyonyoa kuku aliye hai. Mtaa mzima utapiga kelele. Kuku tumemwekea utaratibu wa kisu, na watoto wanaufundishwa. Samaki, kwa kuwa hata dini haidai achinjwe, tumemwachia bahati. Kambale hana sauti ya kupiga kelele, na huo siyo ushahidi wa chochote. Wewe unayempika kesho, anza na mchi.