Kipaza Sauti Kisichopaza: Maoni Juu ya Istilahi za Kurekodi Ngoma

Istilahi haipimwi ingali imetulia ndani ya orodha. Hupimwa inapotiwa kazini. Hivi karibuni tumesoma mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi wa sauti. Unaeleza namna ya kuchagua na kuweka maikrofoni za kurekodi seti ya ngoma za dansi, zile ambazo wanamuziki wetu huziita drams. Sarufi ya mfasiri haina dosari, na bidii yake ni dhahiri. Hata hivyo, mwanafunzi akiufuata mwongozo huo neno kwa neno ataharibu kazi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa makosa yaliyomo ni ya wengi wetu.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwongozo unatumia "kipaza sauti" kwa chombo kinachopokea sauti, kisha unatumia neno lilo hilo kwa chombo kinachoitoa. Asili ya neno hili ni njema. Mhubiri akisema mbele ya chombo, sauti yake hupaa na kuwafikia walio mbali, wala hakuna haja ya kutenga kinachosikia na kinachosema. Studioni hali ni nyingine. Ngoma haihitaji kupazwa, inahitaji kusikiwa. Mwanafunzi anayeambiwa asogeze kipaza sauti karibu na ngoma ana haki kabisa ya kubeba spika. Wapo wanaopendekeza "kinasa sauti", lakini jina hilo lilikwisha kupewa mashine ya kurekodi.

Kosa hilo limezaa jingine katika sura ya kuchagua. Aina mbili za maikrofoni zimeitwa "kipaza sauti chenye nguvu" na "kipaza sauti cha kutonesha". Nani asiyedhani kuwa cha kwanza ni spika kubwa ya mkutano wa hadhara? Kumbe ni maikrofoni ambayo kiwambo chake kimeshikizwa kwenye koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Hustahimili mapigo mazito, na kwa hiyo huwekwa karibu na ngoma. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, ni ya aina hii. Aina ya pili ina kiwambo chepesi mbele ya bamba lenye chaji ya umeme, nayo kwa kawaida hupelekewa umeme wa volti 48. Hudaka sauti nyembamba za matoazi, na mara nyingi hutundikwa juu ya seti. Hapa hakuna kinachotonesha. Jina la Kiingereza la chombo hiki limetokana na jina la zamani la kapasita, ambalo pia ni jina la chombo cha kugeuza mvuke kuwa maji; mfasiri ameshika maana ya mvuke. "Maikrofoni ya koili" na "maikrofoni ya kapasita" zingetosha.

Ajabu ni kwamba pale ambapo Kiswahili kina neno lake, mfasiri amekopa. Utando wa ndani ya maikrofoni ameuita "dayaframu". Sisi tunawamba ngoma, na kilichowambwa ni kiwambo. Maikrofoni nayo ina kiwambo kinachopigwa na hewa badala ya mkwiro. Mwalimu akitumia neno hili, nusu ya somo amekwisha kulifundisha.

Majina ya ngoma nayo yanasikitisha. "Ngoma ya teke" haipigwi teke: mpigaji hukanyaga pedali, na pedali husukuma nyundo. Tuseme "ngoma ya mguu". "Ngoma ya mtego" haitegi kitu. Ina nyuzi za chuma zinazotetemeka chini ya kiwambo cha chini, na nyuzi hizo kwa Kiingereza zina jina moja na mtego wa kunasia ndege. Tuseme "ngoma ya nyuzi".

Kosa zito kuliko yote limo katika sura ya kuweka. Mwongozo unaagiza kwamba maikrofoni ziwe "katika awamu moja". Mtumishi wa serikali anajua awamu ya kwanza na ya pili; ataelewa kuwa zote ziwashwe wakati mmoja. Linalokusudiwa ni jambo jingine. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Maikrofoni moja ikiwa mbali na ngoma kuliko nyingine kwa sentimita 34, pigo huifikia likiwa limechelewa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti mbili hizo zikichanganywa kwa nguvu sawa, mawimbi ya mitetemo 500 kwa sekunde hukutana kilele kwa bonde na kufutana, ngoma ikabaki nyembamba kama debe. Ndiyo maana mafundi hupima kwa kamba kutoka katikati ya ngoma ya nyuzi hadi kila maikrofoni iliyotundikwa juu, ili masafa yawe sawa. "Fezi" ya mafundi umeme haitufai, kwani kwao ni waya wenye umeme. "Ulinganifu wa mawimbi" ni mrefu, lakini haupotoshi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) "maikrofoni" iwe ya kupokea sauti, na "kipaza sauti" au "spika" ya kuitoa;

(b) "kiwambo" kitumike kwa ngoma na kwa maikrofoni pia;

(c) ngoma zitajwe kwa umbo au matumizi yake, si kwa tafsiri ya jina la kigeni;

(d) mfasiri wa maandishi ya ufundi aione kazi ikifanywa kabla ya kufungua kamusi.

Pendekezo la mwisho ndilo kubwa. Saa moja ya kukaa karibu na mpiga drams na fundi wake ingalimwepusha mfasiri wetu na teke, mtego na mvuke. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa walioko studioni, tunawakaribisha watusahihishe.