Manyunyu ya Bomba Kihansi

Chura wa Kihansi hatagi mayai. Huzaa watoto kamili, na aliyezaliwa leo anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996 tu, katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Dunia yake yote ilikuwa kama hekta 2 za majani yaliyoloa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko.

Wakati huo bwawa la umeme wa megawati 180 lilikuwa tayari linajengwa kwenye mto huo. Mitambo ilipowashwa, asilimia 90 hivi ya maji ikaingia handakini na manyunyu yakakatika.

Mwaka 2001 yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio, maji yakishuka kwa mteremko bila pampu. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Tone la kumwagilia bustani ni zito, huanguka likazama. Chura huyu alihitaji ukungu mwembamba unaoelea na kutua juu ya jani, kwa hiyo matundu yalipaswa kuwa madogo, na tundu dogo huzibwa na mchanga kidogo tu. Zaidi ya hapo, maporomoko yalileta pia upepo, na upepo hautoki kwenye bomba. Hata hivyo majani yalirudi, na katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufikia 20,000 hivi.

Miezi michache baadaye wakaporomoka. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ambayo chura huitumia kupumua na kunywa, alipatikana kwenye mizoga. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Kilichowaokoa ni uamuzi wa Novemba 2000: vyura 499 walikuwa wamepelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Nako walikufa kwa wingi, wakabaki chini ya 100, mpaka watunzaji walipopata taa sahihi za miale ya urujuanimno na lishe ya kuimarisha mifupa. Ninawaheshimu sana watu wale, waliolea wadudu wa kila aina ili kulisha kinywa kidogo namna ile.

Mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 wakarudishwa korongoni. Walitua juu ya majani yale yale, chini ya vinyunyizio vile vile, ambavyo vinahitaji mtu wa kuvizibua.