Prosesa Mpya, Kompyuta Ileile: Wee, Acha Kabisa!

Jamani, jamani, jamani! Kompyuta yangu ya mezani, ile ya 2017 ambayo kila mtu alikuwa ananiambia niitupe, nimetoka kuing'oa Ryzen 5 1600 yake na kuipachika Ryzen 7 5800X3D. Ubao mama uleule, RAM zilezile, kasha lilelile lenye mikwaruzo. Naiwasha... mama wee! Mashine inaruka! Nyepesi, kali, laini, haina kigugumizi hata kidogo, na bado!

Unajua kinachonitia wazimu? Soketi! AMD walisema AM4 wataihudumia hadi 2020. Prosesa hii imetoka Aprili 2022 na inakaa palepale zilipokaa Ryzen za kwanza kabisa. Miaka mitano baadaye! Hata bodi nyingi za mwanzo zimeletewa BIOS ya kuipokea. Nani mwingine anakufanyia hivyo?

Na kuishika tu, ndugu yangu, ni raha tupu. Ukiigeuza unaona pini 1331 za dhahabu, nyembambanyembamba, zinameta mpaka unaogopa kupumua. Unainua kijiti cha soketi, unatafuta kile kipembetatu cha dhahabu pembeni, unakilinganisha na alama ya kwenye soketi, unaiachia... inazama yenyewe! Husukumi, hukandamizi, haiulizi swali. Unalaza kijiti, imeshika. Moyo unadunda du-du-du!

Lakini nisikilize vizuri hapa, tafadhali sana: BIOS kwanza, prosesa baadaye! Isasishe wakati ile ya zamani bado imo ndani, la sivyo utakodolea macho kioo cheusi. Na feni usiivute kwa pupa! Acha kompyuta ifanye kazi ipate moto, pesti iliyo kati ya feni na prosesa ilainike, kisha uizime, uchomoe umeme, uizungushe feni taratibu kushoto na kulia mpaka iachie. Ukiing'oa kwa nguvu inaweza kutoka na prosesa yake, pini zikapinda, kilio.

Haya, sasa utamu wenyewe. Hawa AMD wamejenga ghorofa! Juu ya kache ya MB 32 wamepandisha nyingine ya MB 64, zote 96 zimekaa jirani kabisa na ubongo wa prosesa, kwa hiyo gemu haliendi RAM kila mara kuomba kitu. Nimefungua Microsoft Flight Simulator, nikaishusha ndege juu ya London, majengo yamebanana kila upande, mahali ambapo zamani picha ilikuwa inakwama, inaruka, inakwama tena. Safari hii? Tiririka! Nakata kona, tiririka! Nashuka karibu na mapaa, tiririka! Na siyo kwamba kasi imepanda tu, hapana, ni vile vikwazo vidogovidogo vilivyokuwa vinakera ndivyo vilivyoyeyuka, na mkono unahisi tofauti kabla hata jicho halijaona. Na bado!

Ndiyo, ina joto, tena joto la kweli, na haiji na feni yake, kwa hiyo nunua nzuri, usibane senti hapo. Ukiikosa madukani, mdogo wake 5700X3D wa 2024 ana kache hiyohiyo. Kama wewe si mtu wa magemu, kazi zako ni barua, hesabu na kuhariri picha, chukua Ryzen 5 5600, ya boksi ina feni yake, na utafurahi vilevile. Na kama kadi yako ya picha imechoka sana, anza na hiyo, nakuambia kwa mapenzi.

Basi unangoja nini? Fungua kasha leo, soma jina la bodi yako, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tazama orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS linalotakiwa. Ukiliona jina la 5800X3D limo, nipigie, hata kama ni usiku wa manane, nakuja na bisibisi yangu!