Tope la Wageningen, baridi ya Mbeya

Baridi ya Juni na Julai ndiyo mtihani wa kwanza wa mtambo wowote wa kusafisha majitaka Mbeya au Iringa. Nauanza nao uchambuzi huu kwa sababu mtambo ambao Uholanzi inajivunia, uliobuniwa na Gatze Lettinga na wenzake huko Wageningen miaka ya 1970, unaishi kwa joto.

Siri yake ni mwelekeo wa maji. Majitaka huingizwa chini ya tangi, yakapanda taratibu, chini ya mita moja kwa saa, yakipenya tabaka nene la tope. Tope hilo ni bakteria wasiohitaji oksijeni. Wakipata maji ya kiwandani yenye sukari, hushikamana wenyewe kwa miezi kadhaa wakawa punje nyeusi, ndogo kama ulezi. Punje ni nzito: maji yanapanda, zenyewe zinabaki. Juu kuna kinasa gesi. Methani inakusanywa, maji yanatokea pembeni. Hakuna mashine ya kupuliza hewa, ile inayokula umeme katika mitambo mingine. Lettinga hakusajili hataza, na kwa hilo namheshimu sana.

Miaka ya 1980 mtambo ulijaribiwa Cali, Colombia, kwa majitaka ya majumbani, ukafaulu. Lakini majitaka ya Cali yana nyuzi 25 hivi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, bakteria hupunguza kasi, mafuta na vipande vigumu hulundikana bila kumeng'enywa, na methani nyingi zaidi huondoka imeyeyuka majini, ikaishia angani.

Kwa maoni yangu, mahali pake Nyanda za Juu ni viwandani, hasa vya bia, ambako maji hutoka yakiwa na uvuguvugu na sukari. Arusha, watengenezaji wa mvinyo wa ndizi, Banana Investments, walishika njia ya namna hiyo: kwanza bayogesi, kisha ardhioevu ya kutengenezwa.

Hatua hiyo ya pili haikwepeki, maana tangi haliondoi naitrojeni wala vimelea vya magonjwa ipasavyo. Hapo utaalamu uko nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliisaidia Sekondari ya Ruaha, Iringa, kupata ardhioevu yake: beseni lisilovuja, kokoto, matete juu. Maji hupita katikati ya kokoto bila kuonekana juu, mbu wasipate pa kuzalia.

Mbeya ina mabwawa yake ya majitaka Kalobe. Anayetaka kutanguliza tangi mbele ya mabwawa hayo aanze na kipimajoto, alfajiri ya Julai, kabla zege halijamwagwa.